Je, wajua kwa nini jina la babu aliyekufa Keya halionekani kwenye orodha ya makaburi ya vita?

Familia nyingi za Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi zina kijana aliyeingia Keya, yaani King's African Rifles, akaenda na asirudi. Mjukuu akimtafuta kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo iko wazi mtandaoni bila malipo, mara nyingi hutoka mikono mitupu. Cha kujua kwanza ni alikufa vita gani.

Kama ni Vita vya Kwanza, huenda jina halikuchongwa popote. Tume hiyo iliundwa 1917 kwa ahadi kwamba wafu wote watakumbukwa sawa, lakini huku kwetu askari na wapagazi wakajengewa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Maandishi yake, aliyoyatunga mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yanamwambia askari kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayapo. Mwaka 2021 ripoti ya Tume ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na kama babu alipigana upande wa Mjerumani, kwa kawaida orodha hii haimhusu.

Aliyekufa Vita vya Pili ana nafasi kubwa zaidi ya kuwemo, ila tahajia itakusumbua. Karani aliandika alichokisikia: Hamisi akawa Amisi, R ikageuka L, herufi ya mwisho ikaanguka. Tena hakujua lipi ni la mtu na lipi ni la baba yake. Kwa hiyo andika jina moja tu kwenye kisanduku cha jina la ukoo, chagua Vita vya Pili na jeshi la nchi kavu, basi. Ukikosa, weka jina lake la kwanza hapo hapo, kisha badilisha herufi moja moja. Ukijaza visanduku vyote kwa pamoja, kosa moja la karani linatosha kumficha.

Akipatikana, soma tarehe na mahali. Tarehe 12 Februari 1944 karibu kila mara ni meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya hao yako kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Ukiona mahali pameandikwa Taukkyan, hayo ni makaburi ya vita ya Burma, Myanmar ya leo. Humo mna pia mnara wa Rangoon wenye majina karibu 27,000 ya wasiojulikana walipozikwa, kwa hiyo uliza kwanza kama babu ana kaburi au ana jina ukutani tu, kabla hamjachangishana nauli.

Nishani nayo ina la kusema. Ya Vita vya Kwanza, igeuze utazame ukingoni: kwa kawaida pana namba, jina na kikosi. Usiisugue kwa majivu, maandishi yatafutika. Nyota ya Burma, yenye pembe sita na utepe wa buluu, nyekundu na machungwa, kwa kawaida haina jina la mtu. Inathibitisha alikopigana, basi.

Kwa wazee, swali la "alikufa mwaka gani?" halizai kitu. Uliza aliingia jandoni na nani, habari ya kifo ilipofika nani alikuwa mjamzito, ilikuwa kabla au baada ya njaa ya 1943. Uliza pia chifu alikuwa nani, kwa sababu habari za askari zilipitia kwa DC na chifu, na mafaili mengi ya wilaya za Kenya yako kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi. Andika kila jibu pamoja na jina la aliyelitoa, maana shangazi wawili watapishana.

Kama bado hayumo, familia inaweza kuiomba Tume imwongeze. Itataka ushahidi wa maandishi kuwa alikuwa jeshini na kwamba alikufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyerudi na jeraha akafia nyumbani 1948 hahesabiwi.