Je, wajua kwa nini ushahidi mpya haufufui kesi iliyokwisha Mahakama ya Rufani?

Mtu akishindwa kesi ya shamba, ushauri wa kwanza anaopewa kijiweni ni huu: tafuta wakili mwingine, ufungue upya. Akija kupata hati au shahidi ambaye hakuwepo mwanzo, ndiyo kabisa, kila mtu humwambia haki yake imerudi. Nchini Tanzania imani hiyo inawamalizia watu mifugo na akiba, na inauma kwa sababu wanaipigania kwa nia njema.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 inakataza mahakama kusikiliza jambo ambalo watu walewale, wakidai kwa haki ileile, walishalibishania likaamuliwa hadi mwisho na mahakama yenye mamlaka. Hao "watu walewale" ni wengi kuliko tunavyodhani. Baba akishindwa na jirani kuhusu mpaka, kisha akafariki, mtoto anayedai shamba hilo kwa urithi anahesabiwa kuwa amesimama palepale alipoishia baba. Kubadilisha jina kwenye hati ya madai hakumsaidii. Wala hakumsaidii kuibua hoja ambayo baba aliisahau, kwa kuwa hoja iliyoweza na iliyostahili kutolewa mara ya kwanza huchukuliwa kana kwamba ilitolewa ikaamuliwa. Hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Kabla ya kukata tamaa, soma amri ya mwisho ya hakimu. Shauri lililofutwa kwa kasoro ya kisheria, mathalani kufunguliwa katika mahakama isiyo na mamlaka, bado halijaamuliwa. Linaweza kurudi likiwa limerekebishwa, mradi muda wa ukomo, yaani muda ambao sheria inaruhusu kufungua shauri, haujapita. Lililosikilizwa likatolewa hukumu, njia yake ni rufaa.

Rufaa nayo ikiishia Mahakama ya Rufani, hubaki marejeo, yaani kuiomba mahakama hiyohiyo ipitie upya hukumu yake. Hii si rufaa ya pili. Kanuni ya 66 ya Kanuni za mahakama hiyo za mwaka 2009 inatoa siku 60 na sababu 5 tu: kosa la wazi kwenye kumbukumbu lililosababisha haki kupotea, mhusika kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa njia haramu, udanganyifu au ushahidi wa uongo. Kadiri inavyowezekana, wanaosikiliza ni majaji walewale waliotoa hukumu.

Waombaji wengi hukimbilia sababu ya kwanza. Katika shauri la Chandrakant Joshubhai Patel dhidi ya Jamhuri, mahakama ilieleza kuwa kosa la wazi ni lile ambalo hata mtu anayesoma huku akikimbia angeliona. Chukua mfano wa ukuta uliopinda hadi mpita njia anasimama kuushangaa: hilo ni kosa la wazi. Ukuta unaohitaji fundi, timazi na mabishano ili ijulikane kama umepinda hauingii humo, hata kama kweli umepinda. Ndiyo maana mwombaji anayeanza kuwaeleza majaji kwamba walimpima vibaya shahidi fulani huwa ameshatoka nje ya kanuni.

Ushahidi mpya basi unakosa pa kuingilia. Katika kesi za madai kwenye Mahakama Kuu na za chini yake, sheria inautaja kama sababu ya kuomba marejeo, iwapo mwombaji hajakata rufaa na ataonyesha kuwa asingeupata hata kwa bidii. Kwenye Kanuni ya 66 haumo.

Kenya ilichagua njia nyingine kwa kesi za jinai. Ibara ya 50(6) ya Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu aliyetiwa hatiani, ambaye rufaa yake imekwama hadi ngazi ya mwisho, kuiomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya ukipatikana ushahidi mpya wenye uzito. Kwa maoni yangu Tanzania inauhitaji mlango huo, walau kwa waliohukumiwa kifo au kifungo cha maisha. Hofu kwamba utafurika watu inajibika: mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifafanua kuwa ushahidi ambao mshtakiwa angeweza kuupata kwa bidii wakati wa kesi hauhesabiwi kuwa mpya.