Jaja halali peke yake

Ramani niliyoletewa ilikuwa nzuri kuitazama. Ghorofa nne, kila nyumba chumba kimoja cha kulala, jiko dogo lenye kaunta, na kibaraza cha kusimama mtu mmoja. Manispaa moja huku mashariki mwa Uganda inataka kubomoa kota zake za enzi ya mkoloni iwajengee wapangaji wake wazee, nami niliitwa nikague kama mzee ataweza kuishi humo. Nikamuuliza kijana aliyechora: wajukuu watalala wapi? Akacheka, akidhani namtania.

Mchoro wenyewe asili yake ni Marekani. Kule kuna nyumba za wazee zilizotokana na kifungu cha 202 cha Sheria ya Nyumba ya mwaka 1959: anayeingia awe ametimiza miaka 62, kipato chake kiwe cha chini sana, na kodi yake kwa kawaida ni asilimia 30 ya mapato. Chumba kimoja kinatosha, maana wengi huishi peke yao au na mwenzi tu. Huku kwetu jaja, yaani bibi au babu, ana wajukuu. Wapo aliowalea tangu wazazi wao walipokufa kwa ukimwi, wapo ambao mama yao yuko Kampala au Uarabuni akitafuta. Ukimpa chumba kimoja watoto hawatapotea. Watalala jikoni, chini ya ile kaunta.

Hesabu ya kodi nayo inachekesha kidogo. Posho ya serikali kwa wazee, ile ya SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima ilianzia miaka 80. Asilimia 30 yake ni 7,500. Kwa pesa hiyo sahau lifti. Hata ikifungwa, itasimama siku ya kwanza umeme utakapokatika, na wa ghorofa ya nne atakaa huko juu kama mfungwa. Ushauri wangu ulikuwa mfupi: wazee wakae chini, ghorofa za juu wapangishwe wenye mishahara, kodi yao ndiyo ikarabati jengo.

Kota hizi, kama zile za Walukuba pale Jinja, zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi ambao mkoloni aliamini watarudi kijijini wakizeeka. Hawakurudi. Ndiyo maana ukipita asubuhi unasikia Kiswahili cha viwandani, cha watu waliokutana wakubwa kutoka makabila mbalimbali wakabaki nacho.

Nilimtembelea mama mmoja nikiwa na futi ya kupimia. Mlangoni pana vidato vitatu, jumla sentimita 45. Kwa mteremko unaokubalika kwa kiti cha magurudumu, yaani kupanda sentimita moja kwa kila sentimita kumi na mbili za urefu, njia ya kupandia inahitaji urefu wa mita 5 na sentimita 40. Itameza ukumbi wote wa mbele, na ukumbi huo ndio wenye sigiri yake na meza ya nyanya anazouza. Afadhali sakafu mpya ishushwe tangu msingi. Nikaona pia kwenye fremu ya mlango doa jeusi linalong'aa, rangi imelika kabisa.

"Hapo ndipo ninapojishikia, mwanangu," akaniambia.

Nikapima: sentimita 78 kutoka sakafuni. Vitabu vingetaka nondo ya kushikia iwekwe juu zaidi ya hapo. Nimeandika 78 kwenye ramani, chooni pia.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni uhamisho. Mwaka 2011 kota za Naguru na Nakawa, Kampala, zilibomolewa na familia zaidi ya 1,700 zikatawanyika, huku zikiahidiwa nyumba mpya. Miaka kumi baadaye sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa bado tupu. Kijana aliyehamishwa kwa ahadi anaweza kungoja. Mwenye miaka 76 tutamzika kwenye nyumba ya kupanga. Kwa hiyo nimependekeza wajenge kwanza kwenye kiwanja kilicho wazi nyuma ya kota, wahamishe mstari mmoja wa nyumba, mwendo wa hatua chache na godoro kichwani, ndipo wabomoe mstari huo na kujenga tena. Mkandarasi hapendi, kwa sababu mashine zitakuja na kuondoka mara tatu. Gharama itapanda, sikatai.

Mweka hazina naye amenuna kwa sababu nimeomba nyumba ya mzee iwe na vyumba viwili vya kulala: vyumba vikiwa viwili, idadi ya nyumba inapungua. Nimemwambia tusibishane kabla ya kuhesabu, kwa sababu daftari la manispaa lina jina la mpangaji tu, na baadhi ya majina ni ya marehemu. Jumatatu tunapita mlango kwa mlango na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa. Swali la kwanza nimeliandika mwenyewe: jana usiku mlilala wangapi humu?