Je, wajua kwa nini Wachina wa kaskazini na wa kusini wanatofautiana sana?

Sikukuu ya Dongzhi, siku ambayo mchana wake ni mfupi kuliko yote ya mwaka, huangukia kati ya tarehe 21 na 23 Desemba. Siku hiyo familia za Beijing hukunja jiaozi, vipande vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama na mboga, mfano wa sambusa za kuchemsha. Huko Fujian, kusini, sufuriani mna tangyuan: vidonge vya unga wa mchele unaonata, aghalabu vyenye ufuta mtamu ndani. Nchi moja, sikukuu moja, nafaka mbili.

Chanzo chake kinaonekana kwenye ramani. Milima ya Qinling na Mto Huai vinaikata China ya mashariki kutoka magharibi kwenda baharini. Mwaka 1908 mwanajiografia Zhang Xiangwen aliuelezea mstari huo kama mpaka wa kaskazini na kusini, na hadi leo ndio unaofundishwa shuleni. Karibu na mstari huo mvua ya mwaka hufikia takriban milimita 800, na wastani wa joto la Januari ni nyuzi sifuri. Kusini yake maji yanatosha kilimo cha mpunga. Kaskazini ardhi ni kavu zaidi, hivyo watu hulima ngano na kula tambi na mikate ya mvuke.

Lakini hali ya hewa peke yake haielezi kila kitu. Serikali nayo iliukoleza wino mstari huo. Katika miaka ya 1950, makaa ya mawe yakiwa hayatoshi nchi nzima, iliamuliwa kuwa miji ya kaskazini ndiyo itakayopelekewa maji ya moto kwa mabomba kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Miji ya kusini ikaachwa. Beijing, kwa kawaida, joto hufunguliwa tarehe 15 Novemba na kufungwa tarehe 15 Machi. Usiku wa Januari mjini Harbin, kaskazini, nje ni chini ya nyuzi 20 hasi, na ndani watu wamevaa fulana. Shanghai, kusini ya mstari, nje kuna nyuzi tano hivi, unyevu umejaa hewani, na asiyewasha kiyoyozi au hita yake, kwa bili yake, hula chakula akiwa na koti. Ndiyo maana mtu wa kaskazini akihamia kusini hulalamika kwamba huko ndiko alikoijua baridi, na mwenyeji wa kusini humcheka.

Je, nafaka inaweza kubadili hata tabia? Mwaka 2014 mwanasaikolojia Thomas Talhelm na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Science. Waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vikuu vya China vitu vitatu, kwa mfano treni, basi na reli, wakawauliza ni viwili vipi vinavyokwenda pamoja. Waliotoka mikoa ya mpunga walielekea zaidi kuoanisha treni na reli, kwa kuwa kimoja hukitegemea kingine. Wa mikoa ya ngano walielekea treni na basi, kwa kuwa vyote ni vyombo vya usafiri. Maelezo ya watafiti ni kwamba mpunga huwalazimisha majirani kugawana maji ya mifereji na kusaidiana kupandikiza miche, ilhali ngano hulimwa na familia bila kutegemeana hivyo. Dhana inavutia, na imepingwa pia na watafiti wengine. Mimi naiamini nusu: kijana wa leo wa Guangzhou, jiji kubwa la mkoa wa kusini wa Guangdong, huenda hajawahi kukanyaga shamba la mpunga.

Tena hiyo “kusini” yenyewe si kitu kimoja. Sichuan chakula huwaka pilipili, zao lililotoka Amerika na kuingia China yapata mwishoni mwa karne ya 16. Guangdong wanapenda samaki wa mvuke mwenye tangawizi tu. Mzee wa Shanghai na mzee wa Guangzhou, kila mmoja akishika lugha ya kwao, hawaelewani kabisa. Wala mpaka wenyewe haukubaliki kwa wote: kuna utani wa miaka mingi kwamba kwa mtu wa Guangdong, yeyote anayetoka kaskazini ya mkoa wake ni mtu wa kaskazini, hata awe wa Hunan anayekula wali kila siku.