Bakapu ya databesi kwenye mtandao na kwenye klaudi, na kuirejesha

Wengi wakisikia bakapu ya databesi wanadhani ni kukopi tu yale mafaili na kuyaweka pembeni, lakini databesi iliyo hewani haikopiwi hivyo, maana wakati unakopi faili la kwanza watu bado wanaandika kwenye la pili, ukija kuliwasha unakuta kichwa cha saa nne na miguu ya saa tano na databesi inagoma. Ndo maana kila databesi ina chombo chake cha kazi hiyo, SQL Server ina amri ya BACKUP DATABASE, PostgreSQL ina pg_dump na pg_basebackup, MySQL ina mysqldump, vyote vinatoa nakala ya data ya wakati mmoja inayoeleweka, ingawa mysqldump kwa tebo za InnoDB (aina ya kawaida ya tebo za MySQL) unatakiwa uiongezee --single-transaction.

Sasa hiyo nakala inakaa wapi? Ikikaa kwenye diski ileile ya seva basi diski ikifa vimekufa vyote, kwa hiyo inatolewa nje, na hapo njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni storeji ya mtandao wa ndani, yaani folda iliyoshirikishwa kwenye seva nyingine au NAS, yaani kisanduku cha diski kilichounganishwa kwenye mtandao. Ya pili ni klaudi, yaani storeji ya kukodi kwenye seva za kampuni nyingine, kama Amazon S3 au Azure Blob Storage.

Ya mtandao wa ndani raha yake ni spidi, hasa siku ya kurejesha. Piga hesabu mwenyewe, bakapu ya GB 500 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde inachukua kama saa 11 hata laini ikiwa haina mtu mwingine, kwenye mtandao wa ndani wa gigabiti moja ni saa moja na kidogo. Kinachowasumbua watu wa SQL Server hapa ni kwamba wanamapu folda kama drevu Z (wanaipa herufi ionekane kama diski ya kompyuta yao), wao wanaiona vizuri kabisa, ila bakapu inafeli, kwa sababu anayeandika sio wewe, ni akaunti inayoendesha huduma ya SQL Server, na hiyo Z yako haiioni. Andika njia kamili ya \\seva\folda halafu ipe akaunti ile ruhusa ya kuandika, basi.

Ubaya wake ni kwamba iko jengo moja na databesi. Moto ukija, au vile virusi vya kufunga mafaili na kudai hela, vinaipitia folda yoyote vinayoweza kuandika na bakapu zako zimo humo humo. Klaudi inasaidia hapo, hasa ukiwasha ule ulinzi unaozuia faili lisifutwe wala kubadilishwa mpaka muda fulani upite. Lakini klaudi nayo ni majengo ya watu jamani, tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua na kuna wateja waliopoteza data kabisa, kwa hiyo kama databesi yenyewe iko klaudi, bakapu ipeleke eneo lingine. Na usikimbilie lile daraja la bei rahisi bila kusoma, S3 Glacier Deep Archive kulitoa faili kwa njia ya kawaida unaweza kusubiri hadi masaa 12 kabla hata hujaanza kudownload.

Kuna wanaosema wao wana replika, yaani seva ya pili inayonakili kila badiliko la ile kuu, hivyo hawahitaji bakapu. Hapana. Mtu akipiga DELETE (amri ya kufuta) akasahau WHERE (sehemu inayosema ni rekodi zipi), replika inafuta vilevile, tena chapchap. Kinachookoa hapo ni bakapu kamili pamoja na logi (kumbukumbu za kila badiliko) zilizofuata, unarejesha ile kamili kisha unazicheza logi mpaka dakika moja kabla ya balaa.

Mfano ninaoupenda, sijui niseme kupenda, ni wa GitLab, kampuni ya huduma ya kuhifadhi kodi za programu, tarehe 31 Januari 2017. Injinia alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili, kwenda S3 kuchukua bakapu wakakuta hamna kitu, kumbe pg_dump iliyokuwa inatumika ni ya toleo 9.2 na databesi ni 9.6, ilikuwa inafeli kimyakimya na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa. Waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa kama saa 6 kabla, kwa bahati tu.

Kwa hiyo kurejesha kunajaribiwa, kwenye seva ya pembeni, na saa mkononi ujue inachukua muda gani. Hapo ndo utagundua mengine, mfano bakapu ya SQL Server mpya haifunguki kwenye toleo la zamani, na kama databesi imesimbwa kwa TDE (njia ya SQL Server ya kusimba mafaili ya databesi), bila cheti chake na ufunguo wa siri hiyo bakapu haifunguki kwenye seva nyingine, hata iwe nzima kiasi gani. Cheti kitunzwe mahali pengine mbali na bakapu.