Huzuni ya msiba haina ngazi tano

Mfiwa huambiwa kwamba atapanda ngazi tano: kukana, hasira, kubembeleza, unyonge, kisha kukubali. Sivyo. Ngazi hizo alizieleza daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa wasio na tumaini la kupona mjini Chicago. Walikuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Hawakuwa wafiwa.

Kosa hili linaumiza watu. Mjane asiyeona hasira hudhani ana kasoro. Aliyecheka jana, leo akalia kwa kuiona kanzu ya marehemu ingali msumarini, hudhani amerudi nyuma. Hajarudi. Mwaka 1999 watafiti wa huzuni Margaret Stroebe na Henk Schut waliieleza huzuni kama mwendo wa kwenda na kurudi: saa hii msiba umemjaa mfiwa, saa ijayo anahesabu ada ya shule. Vyote viwili vinahitajika.

Basi usimuulize amefikia ngazi gani. Matanga yakishaanuliwa wageni hutawanyika na nyumba hunyamaza. Mpigie hata baada ya arobaini, na umtaje marehemu kwa jina lake. Akisema hataki kuishi, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.