Ufungamano wa dini na maana ya "kuonekana" katika kudai haki

Watu wanaofanya kazi ya uchechemuzi, yaani kudai haki za watu kwa wenye mamlaka, hutumia majina kadhaa kwa jambo moja: jukwaa la viongozi wa dini, kamati ya dini mbalimbali, muungano wa madhehebu. Neno linalonipendeza zaidi ni ufungamano, ambalo majirani zetu wa Kenya walilipa uzito wa kisiasa mwaka 1999, pale viongozi wa Kikristo, Kiislamu na Kihindu walipokutana katika jumba la Ufungamano jijini Nairobi na kudai kwamba mapitio ya katiba yawe mali ya wananchi wote badala ya kuachiwa wabunge peke yao. Vitu vilivyofungamana havijayeyuka vikawa kitu kimoja. Ni kama mzigo wa kuni anaoushusha mama kutoka mlimani, ambamo kila ukuni unabaki na gome lake, lakini kamba ni moja na mzigo ni mmoja. Kwa hiyo ufungamano wa dini hauwaombi Waislamu na Wakristo wasali pamoja wala wapatanishe mafundisho yao. Unawaomba washike kamba moja kwa ajili ya jambo moja la haki.

Dhana ya pili, yaani kuonekana, ndiyo inayoeleweka vibaya. Wengi hudhani kuonekana ni kupigwa picha. Maana yake halisi ni kwamba mtu aliye nje ya ukumbi, kwa mfano muuza ndizi wa Mwanjelwa jijini Mbeya au dereva wa bajaji wa Ipogolo mjini Iringa, anaweza kueleza mambo matatu bila kusoma karatasi yoyote: ni nani wanaodai, wanadai nini, na wanamdai nani. Likikosekana moja kati ya hayo, ufungamano umepigwa picha tu.

Niliwahi kukaa nyuma ya ukumbi mmoja mjini Iringa wakati tamko la pamoja likisomwa. Bango lililokuwa ukutani lilikuwa na nembo tisa zilizopangwa kwa uangalifu mkubwa ili pasiwepo taasisi ya kulalamika, na ujumbe wenyewe ulikuwa umesogezwa chini kwa herufi ndogo ambazo hata waliokaa safu ya tatu hawakuweza kuzisoma. Tamko lilikuwa na kurasa sita. Lilipokwisha, kijana wa redio alisogeza kinasa sauti akauliza kwa adabu, "Baba Askofu, kwa kifupi mnataka nini?" Askofu alimtazama shehe, shehe akamtazama mchungaji, na mchungaji akasema kwamba wanaihimiza jamii izingatie maadili. Jioni redio ilitangaza kwamba viongozi wa dini wamekutana. Haikuwa na kingine cha kutangaza, na sidhani kama kosa lilikuwa la kijana yule.

Tuchukue jambo ambalo nyanda za juu kusini haziwezi kulikwepa, yaani udumavu wa watoto, hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, lakini Iringa ilikuwa asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Hii ni mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage. Sababu ni nyingi: mlo wa aina moja, mama anayerudi shambani mapema mno baada ya kujifungua, maji machafu, mtoto kuanzishiwa uji mwepesi kabla ya wakati. Ufungamano ukisema "tunahimiza lishe bora", hakuna atakayepinga, na kwa sababu hiyohiyo hakuna atakayesikia. Lakini upo utaratibu unaozitaka halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mwezi Desemba 2017. Ufungamano ukisimama ukauliza, "Je, halmashauri yetu imetenga kiasi gani, na kati ya kilichotengwa ni kiasi gani kimetoka?" hapo kuna anayedai, kinachodaiwa na anayedaiwa. Swali la namna hiyo mwandishi wa habari analiandika lilivyo, na mama sokoni analirudia lilivyo.

Kwa nini iwe ufungamano, na siyo dini moja yenye waumini wengi? Nchi hii ina desturi ndefu ya nyaraka za kichungaji, yaani barua ambazo maaskofu huwaandikia waumini wao. Mwaka 2018, kwa mfano, maaskofu Wakatoliki walitoa waraka wao wa Kwaresima na maaskofu wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wakatoa wao wa Pasaka, na zote mbili zilizungumzwa sana. Hata hivyo waraka wa dini moja ni rahisi kupachikwa jina: hao ni Wakatoliki, hao ni Walutheri, wana ajenda yao. Askofu na shehe wakiketi meza moja, jina hilo linakosa pa kupachikwa. Katika kanda yetu jambo hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa mgogoro wa mwaka 2013 kati ya Waislamu na Wakristo kuhusu nani achinje nyama ya kuuzwa ulifikia hatua ya ghasia mjini Tunduma, na waliokuwepo bado wanakumbuka jinsi maduka yalivyofungwa. Mtu wa Tunduma anayewaona viongozi wa pande hizo mbili wakidai kitu kimoja huwatazama mara mbili, na huko kutazama mara mbili ndiko kuonekana ninakokusema.

Mfano wa kitaifa unaofaa kutazamwa ni ule wa madini. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, walitoa kwa pamoja ripoti iliyoeleza kwamba nchi inapata kidogo mno kutokana na dhahabu yake, na mwaka 2012 wakatoa nyingine kuhusu kodi inayopotea. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo mchimbaji huilipa serikali, kutoka asilimia 3 hadi 4. Haitakuwa haki kusema kwamba viongozi wa dini ndio waliouleta mrabaha huo, kwa maana palikuwepo pia Kamati ya Bomani iliyopitia sekta ya madini, wabunge na wanaharakati. Ila taasisi hizo tatu zilikuwa zimefanya kazi ambayo matamko mengi hayafanyi, yaani ya kuhesabu fedha kwanza na kusema baadaye.

Ufungamano wa aina hii usichanganywe na kamati ya amani ya viongozi wa dini inayoitwa na ofisi ya serikali wakati wa uchaguzi au sherehe. Kamati hiyo ina kazi yake na siidharau. Lakini aliyeita kikao ndiye mwenye ajenda, na kiongozi aliyezoea kuonekana pale tu anapoitwa hupata shida siku anapotaka kumuuliza mwenyeji wake swali la fedha.

Chombo kikubwa cha kuonekana si televisheni. Ni matangazo ya baada ya ibada ya Jumapili, hotuba ya Ijumaa, na jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumbani kwa watu. Swali lilelile likitamkwa kwa maneno yaleyale ndani ya wiki moja katika msikiti wa mjini, usharika wa KKKT, kanisa la Moravian na kigango cha kijijini, redio za mkoani zitalifuata zenyewe. Hapo pia ndipo wanawake wanapopaswa kutangulia. Picha za miungano yetu zimejaa wanaume wenye mavazi mazuri, ilhali WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na jumuiya za wanawake wa Kiislamu ndio wanaojua ni nyumba ipi ina mtoto aliyedumaa na ni binti yupi aliyepakiwa basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kabla hajamaliza shule. Mama mmoja wa Kilolo akieleza habari ya binti yake kwa dakika mbili, askofu na shehe wakiwa wamesimama kimya nyuma yake, watu watakumbuka zaidi kuliko tamko la kurasa sita.

Maandamano ni njia nyingine, nayo sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Ipo njia tulivu zaidi ambayo naona inasahaulika. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na wananchi wanaruhusiwa kuketi na kusikiliza. Kanzu mbili, kola tatu za wachungaji na vitenge vya WAWATA vikionekana katika viti vya wasikilizaji siku ya kujadili taarifa ya lishe, kisha vikaonekana tena robo inayofuata, madiwani wataanza kutafuta ile hesabu ya shilingi 1,000 kabla hawajaulizwa.