Sumaku haiioni dhahabu: wanayoambiwa wenye leseni ndogo, na ukweli wake

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo alipanda hadi ofisini kwangu Sinza akiwa na ramani iliyokunjwa ndani ya mfuko wa rambo. Ameungana na vijana wa kwao kwenye leseni ndogo ya kuchimba dhahabu upande wa Geita. Shikamoo, marahaba, akaitandaza mezani. "Mwanangu, nisomee. Wamenipimia kwa mashine ya sumaku, wakasema palipo pekundu ndipo mali ilipo. Nimeshalipa, nataka tuanze kuchimba duara, shimo letu la dhahabu."

Kabla sijajibu nilimwomba pete yake ya dhahabu. Nina sumaku ya spika mbovu, naiweka mezani kwa kazi hii hii. Nikaigusisha pete, ikateleza kama kokoto. Halafu nikamwaga kwenye karatasi kijiko cha mchanga mweusi nilioukusanya ufukweni Kigamboni, nikapitisha sumaku chini yake. Chembe zikasimama wima, zikawa zinaifuata kokote inakokwenda. "Hizi ndizo mashine inazozisikia, mama. Pete yako haiisikii kabisa."

Alinyamaza muda mrefu. Ninaandika haya kwa sababu si yeye peke yake. Hapa Dar kuna watu wengi wanaotoa akiba ya biashara au ya kiinua mgongo kupeleka machimboni, na maneno wanayouziwa ni yale yale.

"Mashine inaonyesha dhahabu ilipo"

Haionyeshi. Magnetomita, ndiyo hiyo mashine ya sumaku, inapima kitu kimoja tu, yaani nguvu ya uga wa sumaku (nguvu ya sumaku iliyotanda) mahali iliposimama. Uga wa dunia ni kati ya nanotesla (kipimo cha nguvu hiyo) 25,000 na 65,000 kutegemea uko wapi, na sisi Afrika Mashariki tuko upande wa chini. Mwamba wenye magnetaiti nyingi, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, unaongeza au kupunguza kidogo juu ya kiasi hicho, na tofauti hiyo ndiyo inayochorwa kwenye ramani. Dhahabu haichangii chochote kinachopimika. Almasi vilevile.

Mtu atauliza, basi kampuni kubwa zinapima usumaku kwenye dhahabu kwa nini? Kwa sababu zinatafuta nyumba kwanza, mwenye nyumba baadaye. Geita dhahabu nyingi imekaa ndani au kando ya miamba yenye tabaka za chuma, na miamba hiyo inaonekana kwenye ramani ya usumaku kama utepe mkali, hata pale ilipofunikwa na udongo na mashamba ya mihogo. Ramani inaonyesha pia utepe unapojikunja, unapokatwa na mpasuko, na unapovukwa na dayki, yaani ukuta wa mwamba uliopenya kwenye ufa. Mikunjo na mipasuko ndiyo njia yalizopita maji moto yaliyobeba dhahabu zamani sana. Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, nako ni hivyo hivyo. Bomba la kimbalaiti, yaani nguzo ya mwamba wa volkano unaobeba almasi, ule ambao John Williamson aliugundua mwaka 1940, ndilo linaloweza kuonekana kwa usumaku. Almasi iliyomo ndani yake haionekani.

Tofauti ipo kwenye madini machache. Mbale ya nikeli (mawe yenye madini hayo) ya Kabanga, kule Ngara, ina pirotaiti, madini ya chuma na salfa, kwa wingi, na pirotaiti mara nyingi ina usumaku wake. Huko mashine inaweza kuisikia mbale yenyewe. Usichukue mfano wa nikeli ukaupeleka kwenye dhahabu.

Na tusichanganye magnetomita na ditekta ile ya kuvaa masikioni. Ditekta inatuma mawimbi yake ardhini na inaweza kuitika ikikuta punje ya dhahabu karibu na uso wa udongo. Ni chombo kingine kabisa.

"Palipo pekundu zaidi ndipo pa kuchimba"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, rangi ni chaguo la mchoraji. Programu ya kompyuta ukiiambia ipake kijani mahali pa nguvu kubwa, itapaka kijani.

Pili, penye usumaku mkubwa si lazima pawe na dhahabu, na mara nyingine ni kinyume chake. Kwenye miamba ya chuma ya Geita, maji moto yaliyoleta dhahabu yalikuja na salfa. Salfa ilishika chuma cha magnetaiti na kukigeuza pairaiti, madini mengine ya chuma na salfa, ambayo haina usumaku wa maana. Kwa hiyo ukiona utepe mkali unafifia ghafla kwa mita kadhaa kisha unawaka tena, mimi ningeenda kwanza hapo panapofifia. Aliyeambiwa afuate wekundu atachimba chuma kitupu, tena chuma kigumu kinachokula patasi.

Tatu, na hili wengi hawaambiwi, doa la rangi kwenye ramani halikai juu ya mwamba wake. Tanzania iko kusini ya ikweta ya sumaku, na mistari ya uga hapa kwetu inainuka kutoka ardhini kwa mshazari badala ya kusimama wima. Matokeo yake mwamba mmoja hutoa madoa mawili, la nguvu kubwa upande wa kaskazini na la nguvu ndogo upande wa kusini, na mwamba wenyewe uko katikati. Zipo hesabu za kurekebisha hilo, nazo lazima zifanywe na mtu anayejua pembe ya uga wa eneo husika. Ramani ya mama haikuwa imerekebishwa. Wekundu wake, hata kama ungekuwa wa kweli, ulikuwa umesogea kaskazini.

"Kupima ni kutembea na mashine tu"

Kutembea ndiyo sehemu rahisi. Mpimaji anavua mkanda wenye bizimu, anaacha simu, funguo na panga, hata buti zenye chuma kidoleni. Anakaa mbali na pikipiki, uzio wa waya na nguzo za umeme. Tanuri la zamani la matofali ya kuchoma nalo linadanganya, kwa sababu udongo ukiungua sana unapopoa unabaki na usumaku wake.

Halafu uga wenyewe hautulii. Kwa siku moja ya kawaida unapanda na kushuka kwa makumi ya nanotesla, na jua likichafuka, kama usiku wa Mei 10 na 11 mwaka 2024, hakuna kupima. Ndiyo maana inawekwa mashine ya pili, imesimama mahali pamoja kutwa nzima, ili mabadiliko hayo yatolewe kwenye hesabu. Nilimwomba mama awapigie vijana. Mashine ya pili ilikuwepo? Hapana. Na pale penye wekundu kuna nini? Kijana akajibu bila wasiwasi: kibanda chetu cha mabati na karasha, mashine ya kusaga mawe.

"Serikali ilishapima kwa ndege, sina haja ya kupima tena"

Ni kweli nchi ilipimwa kwa ndege kati ya 1977 na 1980, na takwimu zinapatikana GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Ni hazina, anza nazo. Ila mistari ya ndege ilipishana kilomita 1. Leseni ndogo ya dhahabu haizidi hekta 10, sawa na mraba wa takriban mita 316 kila upande. Fanya hesabu: viwanja viwili kati ya vitatu vya namna hiyo havikupitiwa na mstari hata mmoja. Kilichochorwa hapo ni makisio kati ya mstari na mstari. Wizara ya Madini, kwenye Dira yake ya 2030, inalenga kupima kwa kina asilimia 50 ya nchi kutoka asilimia 16. Hadi zamu ya eneo lako ifike, upimaji wa ardhini au wa droni una kazi yake.

"Mionzi yake inaharibu mimba na mifugo"

Magnetomita haipigi miale ardhini wala hewani. Inasikiliza uga ambao sote tumezaliwa ndani yake.

"Ramani imetoa na kina, tushuke mita 40"

Kina ni makadirio. Mwamba mdogo ulio karibu na uso wa ardhi, na mwingine mkubwa ulio chini zaidi, inaweza kutoa namba zinazofanana, kwa sababu nguvu inapungua haraka. Kwa mwamba wa mviringo, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu inabaki moja ya nane. Uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mashine na kutoa sampuli za chini, ndio unaomaliza ubishi, nao ni ghali, kwa hiyo kuna hatua kabla yake.

Mama ameahirisha duara. Vijana wamehamisha karasha, wanapima upya wakiwa na mashine mbili, kisha watachimba mtaro mfupi unaoukata utepe pale unapofifia. Kila mita moja mfuko wa sampuli, na kila mfuko unakwenda maabara.